Nampeleka mama nje ya Budapest siku moja, vijiji na ngome za zamani: nichukue mwongozaji wetu peke yetu au basi la watalii?

BintiPangani

Habari za humu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nina jambo naomba mnisaidie wale mnaoishi Hungary au mliowahi kukaa huko.

Mdogo wangu wa kiume anamaliza masta yake Budapest mwezi wa sita na mimi ndo nampeleka mama kwenye mahafali, tutakaa siku sita. Mambo ya mjini tushapanga, imebaki siku moja iko wazi na hiyo siku mama hataki mjini kabisa, kaniambia "majumba makubwa nishayaona kwenye simu ya mdogo wako, mi nataka nikaone watu wa shamba wanakaaje". Basi nikatafuta nikakuta kuna safari za siku moja kwenda vijiji vya zamani na ngome na makasri ya wafalme. Kuna basi la watu kama arobaini linazunguka Szentendre, Visegrád na Esztergom, halafu kuna praiveti, yani gari na mwongozaji wetu peke yetu, anatuchukua hotelini saa mbili asubuhi anaturudisha jioni. Huyu wa praiveti kanitajia euro 390 kwa sisi watatu, chakula na viingilio mbali, na ratiba yake kaandika Gödöllő, Hollókő, Eger, Visegrád na Esztergom. Mimi kuiona nikafurahi maana kila nilichosoma kimo humo.

Sasa hali yetu ni hii, mama ana miaka 67, goti la kulia linamsumbua, penye tambarare anatembea vizuri tu ila ngazi anapanda kwa kupumzika pumzika. Kiingereza hajui, mimi ndo nitatafsiri. Na sisi Waislamu kwa hiyo suala la chakula pia nina wasiwasi nalo.

Hiyo hela inastahili au basi linatosha? Na sehemu tano kwa siku moja inawezekana kweli? Naombeni mniambie ukweli, hizi hela nimeziweka kidogo kidogo mwaka mzima na mama hatarudi tena huko.

MzeeWaBuda

Marahaba binti yangu, na hongera kwa mdogo wako.

Nimekaa Budapest miaka kumi na moja na hizo barabara nazijua kwa kuendesha. Kabla hatujafika kwenye bei, huyo aliyekupa sehemu tano hajakupangia safari, kakuandikia majina. Fungua ramani uangalie mwenyewe. Mto Danube, wenyewe wanauita Duna, unakuja ukitokea magharibi, ukifika Visegrád unakata kona unashuka kusini kuelekea Budapest. Esztergom, Visegrád na Szentendre zote ziko kwenye hiyo kona, barabara moja inafuata mto. Hollókő na Eger ziko upande mwingine kabisa, kaskazini mashariki, Hollókő kama kilomita 100 na Eger kama 130. Ukitoka Eger kwenda Visegrád unarudi karibu mpaka Budapest ndo unaanza upya. Mimi nimekupigia hesabu ya kukaa ndani ya gari tu bila kushuka, inakuja kama saa saba. Mama mwenye goti, saa saba kwenye kiti, kisha kila sehemu anaambiwa fanya haraka. Hapana.

Chagua upande mmoja. Hilo ndo la kwanza na mengine yote yatafuata.

Ukichagua upande wa mto utakula historia hadi ushibe. Esztergom ndiko alikozaliwa Stefano, mfalme wao wa kwanza, aliyevishwa taji mwaka 1000 kuingia 1001. Pale kuna kanisa kubwa kuliko yote Hungary, kuba lake linafika mita 100 kwenda juu, gari linapaki karibu kwa hiyo mama hatateseka asipopanda kubani. Ndani mwambie mwongozaji awaonyeshe kikanisa cha pembeni cha marumaru nyekundu, cha Bakócz, kilianza kujengwa 1506. Wakati wanajenga hilo kanisa jipya karne ya 19 kile kikanisa hawakukivunja, wakakifungua vipande kama 1600 wakakihamisha na kukipanga tena jiwe kwa jiwe. Mimi kila nikimpeleka mgeni nasimama pale natafuta maungio siyaoni. Nje ukisimama nyuma ya kanisa unaona ng'ambo ya mto ni Slovakia, daraja lao lililipuliwa 1944 na likakaa limekatika mpaka 2001.

Visegrád ni ngome ya juu mlimani. Wamongolia walipoivamia nchi 1241 na 1242 waliiacha majivu, mfalme Béla wa nne akaona kilichosalimika ni zile sehemu zenye kuta za mawe, akaanza kujenga ngome na kuhimiza wakubwa wake nao wajenge juu ya vilima. Ndo maana ukizunguka Hungary kila kilima kina gofu. Taji la ufalme lilikuwa linafungiwa hapo Visegrád, na mwezi wa pili 1440 mtumishi wa malkia, mwanamke anaitwa Helene Kottanner, aliingia usiku akaliiba kwa amri ya bibi yake, wakalishonea ndani ya mto wa kulalia, wakavuka nalo Duna kwa kijigari cha theluji maana maji yalikuwa yameganda, na malkia akajifungua mtoto wa kiume saa chache baada ya taji kufika. Aliyaandika yote yeye mwenyewe baadaye. Mwongozaji akiwa anajua kusimulia, mama atasahau goti. Gari linafika mpaka karibu na lango ila ndani ngazi zipo, na si chache.

Ila wewe umesema mama anataka kuona watu wa shamba wanakaaje. Hapo upande wa mto sio wake. Wacha waliokwenda Hollókő juzi juzi wakwambie.

MkenyaDebrecen

Sasa dada. Mimi niko Debrecen mwaka wa tatu na nimeenda Hollókő mara mbili, mara ya kwanza kwa basi kutoka Budapest pale Stadion, ni kama masaa mawili na kitu na mabasi ya moja kwa moja ni machache sana, ukikosa la kurudi umelala huko. Mara ya pili tulienda na gari ya rafiki. Kama uko na mzazi usijaribu hiyo ya basi.

Jina lenyewe holló ni kunguru na kő ni jiwe, jiwe la kunguru. Kuna hadithi yao kwamba mwenye ngome aliteka msichana mrembo na yaya wa huyo msichana alikuwa mchawi, akafanya mapatano na shetani, kunguru wakaja wakabeba mawe ya hiyo ngome usiku wakayapeleka kwingine. Kijiji kiko chini na ngome iko juu kilimani. Watu wake wanaitwa Wapalóc, wako na lahaja yao na nguo zao za kushonwa kwa mkono. Zile nyumba za zamani ni hamsini na kitu tu, barabara moja ya mawe inagawanyika kwa kanisa dogo jeupe lenye mnara wa mbao halafu inaungana tena, unaweza maliza kuzunguka kwa nusu saa lakini usifanye hivyo. Nyumba zote nyeupe, paa imeshuka chini, mbele kuna baraza ya mbao imechongwa chongwa. Mwaka 1909 moto ulichoma karibu kijiji chote na wakajenga tena vile vile kama mababu walivyojenga, ila safari hii wakaweka vigae badala ya nyasi. UNESCO waliwaweka kwa orodha ya urithi wa dunia 1987.

Kupanda kwa ngome ni dakika kama ishirini kwa mtu mzima wa afya, njia ya msitu, mteremko si mkali sana lakini kwa goti bado ni kazi. Kijijini kuna nyumba ya ufumaji, wako na vitanda vya kufuma vya mbao vya zamani. Kama mama ni mtu wa kazi za mikono mpeleke hapo kwanza kabla ya kitu ingine yoyote.

Na sasa nikwambie kitu kingine juu nimeona jina lako hapo juu. Gödöllő iko njiani, kama kilomita 30 kutoka Budapest, ni kasri sio ngome, ilijengwa karne ya 18 na bwana mmoja Grassalkovich, na 1867 Franz Joseph na mke wake Elisabeth walipovishwa taji la Hungary wakapewa kama zawadi. Huyo Elisabeth ndiye yule malkia maarufu kwa jina la utani "Sisi", Wahungary wanampenda mpaka leo kwa sababu alijifunza lugha yao na alikuwa anapenda kukaa hapo na farasi zake kuliko Vienna. Sasa mtoto wao wa kiume alikuwa anaitwa Rudolf. Sisi Kenya babu zetu waliambiwa ziwa letu ni Lake Rudolf, ni huyu huyu. Kuna kabaila wa Kihungary, Sámuel Teleki, na mwenzake Ludwig von Höhnel, wakafika hilo ziwa mwezi wa tatu 1888 wakalipa jina la Rudolf na lile dogo la juu Ethiopia wakalipa jina la mke wake Stefanie. Waturkana na El Molo na Wasamburu walikuwa hapo na majina yao tayari lakini hawakuulizwa. Rudolf mwenyewe akafa Januari 1889 hata mwaka haujaisha. Serikali yetu ikabadilisha ikawa Ziwa Turkana 1975.

Na unajua hiyo msafara wa Teleki ilianzia wapi? PANGANI. Walinunua vitu na kuajiri watu Zanzibar, halafu wakaanza kutembea kutoka Pangani mwanzo wa 1887 na mamia ya wapagazi. Aliyewaongoza sehemu kubwa ni mfanyabiashara wa pembe wa hapo hapo Pangani, Jumbe Kimemeta. Kwa hivyo ukifika Gödöllő usikubali kuonyeshwa vitanda na mapazia pekee. Uliza kuhusu huyo kijana.

Msafiri_Nafuu

Mimi natofautiana kidogo. Euro 390 ni hela nyingi ndugu zangu, euro moja inacheza kwenye forint 350 hadi 400 pigeni hesabu wenyewe. Gödöllő unakwenda kwa treni ya HÉV, ile H8, unapandia Örs vezér tere ambapo metro namba mbili inaishia, kama dakika 50 umefika na kasri liko karibu na kituo. Szentendre nayo H5 kutoka Batthyány tér dakika 40. Tiketi ni hela ndogo sana. Szentendre ni mji mzuri tu, Waserbia waliokimbia Waturuki walihamia pale 1690 wakajenga makanisa yao na mji hadi leo una sura yao, na nje kidogo ya mji kuna Skanzen, makumbusho ya wazi, wamehamisha nyumba za vijijini kutoka pande zote za Hungary, na jiko na kitanda na zizi. Mama ataona vijiji vyote sehemu moja. Mwongozaji wa nini.

MzeeWaBuda

Hilo la Skanzen ni wazo zuri na sikulitaja, asante. Kwa mwanafunzi au mtu mwenye siku nyingi ningesema fanya hivyo hivyo. Lakini ndugu yangu, kupanda metro, kushuka, kutafuta jukwaa, kusimama kituoni juani mwezi wa sita wakati joto linaweza kupita nyuzi 30, ni kazi ya vijana. Gari linalomsubiri mama mlangoni si anasa, ni dawa ya goti. Na ile nyumba ya Skanzen haina mwenyewe, hakuna bibi wa kumuuliza unapikia nini hapa.

UkhtiVienna

Assalaam aleikum dada yangu. Mie Mzanzibari naishi Vienna, Hungary tunakwenda sana na watoto kwa gari. Nakwambia mawili, la chakula na la huyo mtu.

Chakula, nguruwe yuko kila mahali khasa vijijini, na mara nyingi hayuko pale unapomtazamia. Jifunze maneno haya uyaandike kwenye karatasi: sertés na disznó yote mawili ni nguruwe, szalonna ni mafuta yake ya moshi, kolbász ni soseji, zsír ni mafuta ya kupikia ambayo mara nyingi ndo hayo hayo yake. Kuna vimkate vidogo wanaviita pogácsa, vitamu, vinauzwa kila pahala, ukiona mbele kumeandikwa töpörtyűs achana navyo, ndani mna vipande vya ngozi na mafuta ya nguruwe, chukua vya jibini. Lángos, ule mkate wa kukaanga, uliza umekaangwa kwa mafuta gani. Hata ile tambi ya jibini inayoitwa túrós csusza, unaiona ya jibini tu kumbe juu wamemwagia szalonna. Wewe sema "sertéshús nélkül", bila ya nyama ya nguruwe, watakuelewa. Cha salama ni samaki, khasa trauti, wao wanamwita pisztráng, na jibini la kukaanga rántott sajt ila na hilo uliza mafuta. Nyama tulikuwa tunakula mjini kwa Waturuki tukirudi. Cha kunywa muombee mama szörp, sharubati inayochanganywa na maji, kuna ya maua ya bodza na ya málna ile tunda nyekundu. Mamangu mie aliipenda akataka kuchukua chupa.

La pili. Mwaka juzi tulilipa praiveti kwa mtu, simtaji. Tulilipia mwongozaji, akaja dereva. Kijana mwema, salama barabarani, lakini kila tukifika anasema "ngome ile kule, nawasubiri hapa saa moja". Mume wangu akauliza ule mnara wa msikiti wa Eger ni wa nani akasema wa Waturuki akarudi kwenye simu yake. Dada, mnara huo ni mmoja tu pale Eger na ni mmoja wa mitatu iliyobaki imesimama Hungary nzima, mwengine Pécs na mwengine Érd, urefu mita 40, ndani vidaraja 97 vyembamba unapanda kwa ubavu, msikiti wenyewe haupo tena. Na ngome ya Eger ndo ile ambayo 1552 watu kama elfu mbili na kapteni wao Dobó waliizuia dhidi ya jeshi kubwa la Waturuki zaidi ya mwezi, hadi wanawake wakapanda ukutani kumwaga vitu vya moto, halafu 1596 ikachukuliwa na ndipo mnara ukajengwa baadae. Mambo yote haya nimeyajua nyumbani baada ya kurudi, nimekaa kwenye kochi nasoma, roho inaniuma.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mpigie simu ya video huyo mtu atakayekuja nanyi siku ile, sio ofisi. Muulize maswali matatu ya kwako. Muulize kama anaingia ndani pamoja nanyi. Akisema sehemu tano kwa siku basi muulize tutakaa Hollókő dakika ngapi, usikilize anajibu nini. Na siku isiwe Jumatatu, majumba mengi ya makumbusho yanafunga.

BintiPangani

Jamani nimesoma yote na mdogo wangu nimemtumia, asanteni sana.

Hiyo ya Pangani imenishtua. Nimemsomea mama akanyamaza kidogo halafu akasema babu yake mzaa mama alikuwa anasimulia watu waliokwenda bara na mizigo ya wazungu na wengine hawakurudi, ila majina hajui. Hatujui kama ni msafara huo au mwingine, ilikuwa mingi. Lakini sasa anataka Gödöllő kwa nguvu zote.

Nimempigia yule wa sehemu tano, nikamuuliza dakika ngapi Hollókő akasema "thelathini na tano, inatosha". Nimemuacha. Nimepata mama mmoja mtu mzima kidogo, mwongozaji, anaendesha mwenyewe, euro 420 lakini anaingia nasi kila mahali. Nikamwambia Gödöllő na Hollókő basi, akasema "nilikuwa naogopa utaniomba na Eger". Nikamuuliza kuhusu Rudolf na Teleki, akasema nipe siku mbili nisome nisije nikakudanganya. Hapo hapo nikatuma adivansi.

Swali dogo, haya majina yanatamkwaje maana naona aibu.

MzeeWaBuda

Umepata mtu. Anayesema nisome kwanza ndo wa kwenda naye.

Matamshi ni rahisi ukijua mawili. S yao ni sh yetu na sz yao ndo s yetu. Kwa hiyo ni Budapesht, Vishegrad, Estergom. Mkazo daima silabi ya kwanza. Zile herufi zenye nukta au vistari juu, ö na ő, kaza midomo kama unapiga mluzi useme e. Mama akisema tu "jó napot" (yoo napot) kwa kila atakayekutana naye kijijini watampenda.

Na mdogo wako kama anajifunza Kihungary atakwambia lugha ile inabandika kama yetu. Ház ni nyumba, házban ni nyumbani kwa maana ya ndani, házamban ndani ya nyumba yangu, neno moja tu. Tofauti sisi tunabandika mbele zaidi wao nyuma.

BintiPangani

Wakuu nimerudi. Tulienda Alhamisi iliyopita na naandika haya mama kalala, nilisema lazima nilete mrejesho.

Tulitoka saa mbili na robo. Gödöllő ilikuwa bado haina watu. Kasri ni kubwa jekundu jekundu na jeupe, ndani ngazi pana na mama alipanda kwa kushika ukuta, yule mwongozaji akapanda naye hatua kwa hatua anasimama akisimama. Kwenye vyumba vya malkia kuna rangi ya zambarau, alikuwa anaipenda. Akatueleza pia kwamba baada ya vita kuu ya pili wanajeshi wa Urusi walikaa humo na sehemu ikawa nyumba ya wazee, ikaharibika sana, wananchi wakaanza kuona ndani tena 1996. Halafu akasema sasa nimefika kwenye swali lenu. Akatoa simu akamwonyesha mama picha ya Rudolf, kijana mwembamba ana ndevu, akasema huyu alikuwa mtoto akikimbia kwenye bustani hii, na ndiye aliyemsukuma Teleki aende kutafuta lile ziwa badala ya kwenda kuwinda tu. Alikuwa amesoma kweli. Alijua Höhnel aliandika safari nzima, alijua Pangani, alijua njaa waliyopata njiani.

Mama akaniambia muulize, wale waliobeba mizigo majina yao yameandikwa wapi. Nikatafsiri. Yule mama hakujibu upesi. Akasema ya wachache yamo kwenye kitabu cha Höhnel, ya wengi yeye hajayaona. Mama akasema basi, asante kwa kusema ukweli. Wakatoka nje wameshikana mikono wale wawili, mimi na mdogo wangu nyuma.

Hollókő tulifika karibu saa sita mchana, jua kali. Ni kama mlivyosema, nyeupe, baraza za mbao, maua mekundu madirishani. Mawe ya barabarani hayako sawa kwa hiyo mwenye goti aende na viatu vya soli nene, hili hakuna aliyelisema hapa nalisema mimi. Tukaenda nyumba ya ufumaji kwanza. Kuna kinu cha kufumia cha mbao, kikubwa kama kitanda cha samadari, na bibi mmoja amekaa nacho anarusha uzi kushoto kulia. Mama kasimama pale muda mrefu bila kusema kitu, anaangalia miguu ya yule bibi maana anakanyaga mbao chini kupandisha nyuzi. Halafu akafungua mkoba wake. Jamani sikujua kama amekuja nao, alikuwa na ukili humo, ukindu wa kijani na wa zambarau, ameubeba toka Pangani mpaka Ulaya ili asikae mikono mitupu. Akakaa kwenye benchi akaanza kusuka. Yule bibi akasimamisha kinu akaja akakaa pembeni yake. Hawakuwa na lugha, mwongozaji alitaka kutafsiri nikamwambia ngoja. Bibi akahesabu miyaa kwa kidole, mama akamwonyesha moja inapita juu ya mbili, akampa ajaribu, akakosea, mama akamfungulia akampa tena. Nusu saa nzima. Mtu wa dakika thelathini na tano angetuita garini.

Kwenye ngome nilipanda mimi na mdogo wangu, mama alibaki kijijini kivulini na mwongozaji na glasi ya sharubati ya bodza, UkhtiVienna Mungu akubariki. Juu ni mawe matupu na upepo na vilima vya kijani mpaka macho yanapoishia, nikaelewa kwa nini walijenga pale, hakuna anayeweza kuja usimuone. Tulipata trauti wa kukaanga kwa mafuta ya mbegu, nilionyesha karatasi yangu ya maneno na mhudumu akaenda kuuliza jikoni akarudi na jibu. Swala ya adhuhuri na alasiri tulijumuisha kwenye nyasi nje ya kijiji, mwongozaji akakaa kwenye gari akatusubiri wala hakuangalia saa.

Saa moja na nusu usiku tulikuwa hotelini na jua bado lipo.

MkenyaDebrecen

Dada nimesoma hii mara mbili. Huo ukili mama alirudi nao?

BintiPangani

Aliukata. Wa urefu wa mkono mmoja akamwachia yule bibi, na bibi akautundika msumarini juu ya kinu. Mama naye kapewa kipande cha kitani chenye mstari mwekundu, amekifunga kwenye kanga hataki mtu akishike.